Kofia ya mahameli na jina lililoenea: kumtafuta babu aliyechezea raga Wales

SWALI: Bibi mzaa mama alituachia kofia ndogo ya mahameli, nyekundu, yenye kishada. Mbele ina alama iliyochakaa inayofanana na manyoya matatu, na kwenye ukingo kuna tarakimu ninazozisoma 1899–1900. Bibi alizaliwa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1912. Alikuwa akisema kofia ni ya baba yake, mchimba makaa wa Wales Kusini aliyeichezea nchi yake raga, kisha "akaenda kaskazini" kwa ajili ya pesa. Jina lake la ukoo ni mojawapo ya yale yanayojaza daftari lolote la Wales. Katika orodha za wachezaji wa miaka ile nimekuta watatu wenye jina hilo na herufi ya kwanza ileile. Nitamjuaje wangu, na nitawafikiaje wazazi wake?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo ulipo unao watu wawili, si mmoja. Yupo baba wa bibi yako, aliyeandikwa katika vyeti vya serikali na katika sensa. Yupo pia mchezaji, aliyeandikwa magazetini na katika orodha za chama cha raga. Huenda ni mtu yuleyule, na kofia, ya namna waliyopewa walioichezea timu ya taifa, inaelekea kusema hivyo, lakini bado hakuna karatasi iliyowafunga pamoja. Utafiti wa namna hii mara chache huharibika kwa uhaba wa nyaraka. Huharibika siku mtafiti anapokuta mchezaji mwenye jina linalofanana kwenye tovuti ya takwimu, akanakili tarehe yake ya kuzaliwa, akaagiza cheti cha tarehe hiyo na kuanza kupanda kwa wazazi. Baada ya vizazi vitatu anakuwa na mti wa ukoo uliopangika vizuri, ila si wa kwao.

Kwa hiyo mfuate kila mmoja peke yake. Baba wa bibi mfuate kutoka kwa bibi kurudi nyuma. Mchezaji mfuate kutoka uwanjani kwenda mbele. Kama ni mtu mmoja, watakutana katika cheti cha ndoa, katika sensa, au katika tanzia ya gazeti la mtaa.

Tuanze na kofia, kwa kuwa ndiyo shahidi pekee uliyenaye mkononi. Usiifue, usiipige pasi, wala usijaribu kuirudishia nyuzi. Iweke mezani, zima taa ya juu, iangaze kwa taa ya mkono kutoka ubavuni karibu na usawa wa meza, kisha ipige picha. Mwanga wa ubavuni huonyesha matundu ya sindano mahali ambapo nyuzi zimekwisha kutoka, na herufi au tarakimu iliyopotea inaweza kusomeka kwa matundu hayo tu. Igeuze ndani pia. Tafuta kitambaa chenye jina la mshona kofia na mji wake, na jina la mwenye kofia lililoandikwa kwa wino kwenye ukanda wa ndani. Ukimaliza, ijaze karatasi laini isiyo na asidi ili isikunjike, uifungie gizani.

Manyoya matatu ni alama ya Wales, kama waridi lilivyo la Uingereza na mbigili ulivyo wa Scotland. Alama peke yake haitoshi, hata hivyo. Kofia za mahameli zenye kishada zilitolewa pia na shule, na klabu kubwa, na timu za kaunti, na vyama vya soka. Waridi jekundu, kwa mfano, ni la timu ya taifa ya Uingereza na ni la Lancashire vilevile, na si ajabu kofia ya kaunti kutukuzwa nyumbani kuwa ya taifa. Kwa kuwa babu yako aliishia Lancashire, hakikisha hayo uliyoyaona kweli ni manyoya.

Hazina yako kubwa ni ile miaka. Msimu wa 1899–1900 Wales ilicheza mechi tatu tu za kimataifa: dhidi ya Uingereza mjini Gloucester tarehe 6 Januari 1900, dhidi ya Scotland mjini Swansea tarehe 27 mwezi huohuo, na dhidi ya Ireland mjini Belfast tarehe 17 Machi. Ilishinda zote tatu. Timu ilikuwa na watu 15, na hakuna aliyeingia badala ya mwenzake: hata aliyeumia hakuweza kubadilishwa katika mechi za kimataifa hadi 1968. Nafasi zote za msimu ule basi ni 45, na kwa kuwa wengi waliitwa zaidi ya mara moja, majina ni machache kuliko hapo. Yaandike yote, pamoja na klabu ya kila mmoja. Kama kati ya wale watatu wako ni mmoja tu aliyecheza msimu huo, umepunguza kazi kwa theluthi mbili katika jioni moja. Kama hayumo hata mmoja, usilazimishe. Rudi kwenye kofia uangalie kama tarakimu umezisoma vibaya, au kama kofia ni ya klabu.

Na hadithi ya nyumbani nayo uipime kwa utulivu. Bibi yako huenda alisema kweli tupu, lakini maneno "aliichezea Wales" yamebeba mambo mengi. Mchezaji wa akiba aliyesafiri na timu bila kucheza hakupata kofia. Aliyecheza mechi za majaribio ya kuchagua timu hakupata pia. Halafu kuna upande wa pili wa raga, ule wa kaskazini. Tarehe 5 Aprili 1904 mjini Wigan, chama cha Northern Union, yaani cha klabu za kaskazini zilizojitenga na chama kikuu cha raga, kiliandaa mechi yake ya kwanza ya kimataifa: Uingereza dhidi ya timu iliyoitwa Other Nationalities, ambayo wengi wake walikuwa watu wa Wales waliohamia kaskazini. Tarehe 1 Januari 1908 Wales ya Northern Union ilicheza na New Zealand mjini Aberdare ikashinda 9–8. Mtu aliyecheza mechi kama hizo aliichezea Wales kwa haki kabisa, ila jina lake hutalikuta katika orodha za chama cha raga ya watu 15. Ukimtafuta huko peke yake utamkosa, au utaokota mwingine.

Sasa magazeti, ambako ndiko utakakotumia muda mwingi, na panastahili. Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth imeweka magazeti ya zamani bure katika tovuti ya Welsh Newspapers Online, hadi mwaka 1919, ya Kiingereza na ya Kiwelisi. Magazeti ya Lancashire na Yorkshire utayapata British Newspaper Archive, kwa kulipia. Maktaba nyingi za umma za Uingereza hukuruhusu kuisoma bure ukiwa ndani ya jengo.

Kosa la kwanza la watafutaji ni kuandika neno "rugby". Katika Wales Kusini ya wakati ule raga iliitwa "football" tu, na chama chenyewe, kilichoundwa 1881, kilijulikana kama Welsh Football Union hadi 1934. Tafuta "football", "footballer", "international", pamoja na jina la klabu. Jina la ukoo liache mwisho, kwa sababu kompyuta iliyosoma kurasa zile imekosea herufi nyingi, na jina fupi likikosewa herufi moja linapotea kabisa. Jina la mji na la timu pinzani yakiwa pamoja katika sentensi moja hukufikisha mahali ambapo jina halikufikishi.

Kosa la pili ni kuamini timu iliyotangazwa. Gazeti la katikati ya wiki hutoa orodha ya walioteuliwa. Wengine waliugua, wengine walinyimwa ruhusa kazini. Mechi zote tatu za msimu ule zilichezwa Jumamosi. Soma magazeti ya Jumamosi jioni na Jumatatu, yanayoeleza waliokuwa uwanjani kweli.

Unachowinda hasa ni yale maelezo mafupi ya wachezaji wapya, ambayo magazeti yalipenda kuyachapa siku chache kabla ya mechi kubwa: umri, urefu, uzito, kazi, mahali alipozaliwa, klabu alizopitia. Sentensi mbili za namna hiyo zina thamani kuliko ukurasa mzima wa takwimu za kisasa, maana ziliandikwa na mtu aliyemjua, au aliyemuuliza mwenyewe. Kwa watu wa majina yaliyojaa, gazeti liliwatofautisha kwa klabu na kwa lakabu. Dai "Tarw" Jones wa Aberdare alipata lakabu ya fahali, maana ndilo neno "tarw" kwa Kiwelisi. Aliichezea Wales raga ya watu 15 kati ya 1902 na 1906, kisha akaichezea Wales ya Northern Union mwaka 1908. Kuna magazeti yaliyomtaja kwa lakabu bila jina. Andika kila lakabu unayoikuta, uitafute peke yake. Tahajia nayo haikutulia: mchezaji mashuhuri wa Swansea aliyejulikana uwanjani kama Dicky Owen alikuwa Owens kwa jina la kuzaliwa. Herufi moja tu, nayo yatosha kukuficha cheti.

Tumwache mchezaji hapo, twende kwa bibi. Kuzaliwa kwake 1912 ni bahati, kwa sababu kuanzia robo ya mwaka inayoishia Septemba 1911 fahirisi ya vizazi ya Uingereza na Wales inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Ingia FreeBMD, tovuti yenye fahirisi hiyo, ambayo ni bure, tafuta bibi yako, uchukue ile jozi ya majina mawili, la baba na la mama. Kisha tafuta watoto wote wenye jozi hiyohiyo katika wilaya ile na za jirani. Kwa ndugu waliozaliwa kabla ya hapo, tumia fahirisi ya ofisi ya usajili yenyewe, General Register Office, ambayo imelitia jina la mama tangu 1837. Utahitaji kufungua akaunti, lakini kutafuta ni bure.

Agiza cheti kamili cha kuzaliwa cha bibi. Kwa bei zilizowekwa 2024, cheti cha karatasi ni pauni 12.50, nakala ya PDF pauni 8, na picha ya kidijitali ya ukurasa wa daftari pauni 3. Kwa kuzaliwa kwa 1912 picha ya pauni 3 inatosha kabisa, maana huoni nakala iliyoandikwa upya bali ukurasa uliohifadhiwa. Hapo utapata jina la baba kwa ukamilifu, majina ya kati yakiwemo, kazi yake na anwani. Jina la kati ni dhahabu kwa mwenye jina la ukoo lililoenea.

Kisha ndoa ya wazazi wa bibi. Hapa pana ugumu: fahirisi ya ndoa haikuandika jina la mwenzi hadi robo ya Machi 1912. Kwa ndoa ya kabla ya hapo, tafuta mume na mke kila mmoja kivyake, ukubali tu pale ambapo mwaka, robo, wilaya, juzuu na ukurasa vinalingana kwa wote wawili. Namba za juzuu zinakusaidia kujua uko wapi: 11a ndiyo inayobeba Glamorgan na Monmouthshire, kaunti za Wales Kusini, na 8b hadi 8e ni Lancashire. Ukimkuta mama wa bibi katika 11a, walioana kabla ya kuhama, au walirudi nyumbani kuoana. Ukimkuta katika 8, inaelekea alioa huko alikohamia. Cheti cha ndoa hakitolewi kwa PDF, utalipia karatasi. Lipa. Hicho ndicho cheti chenye jina la baba wa bwana harusi na kazi yake, na bila hicho huwezi kupanda kwa wazazi ukiwa na uhakika. Angalia pia mashahidi: mchezaji mwenzake wa klabu akisimama kama shahidi, na jina lake limo katika timu uliyoiandika kutoka gazetini, daraja limejengwa.

Sensa zitakupa mfululizo. Ile ya 31 Machi 1901 ilifanyika mwaka mmoja tu baada ya msimu wa kofia. Katika ile ya 2 Aprili 1911 karatasi ilijazwa na mwenye nyumba mwenyewe, akatia sahihi. Inaeleza wameoana miaka mingapi, watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wako hai, na kila mtoto alizaliwa wapi. Panga watoto kwa umri usome mahali walipozaliwa: mtoto wa kwanza Glamorgan, wa pili Lancashire, na hapo katikati ndipo alipohama. Sahihi ile inakiliwe. Wachezaji walikuwa na desturi ya kutia sahihi kwenye kadi za karamu ya jioni baada ya mechi za kimataifa, na kadi hizo zimesalia katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji.

Sensa ya 1921 inataja jina la mwajiri na mahali pa kazi, jambo ambalo sensa za nyuma hazikuuliza. Ilifanyika tarehe 19 Juni, wakati wachimba makaa wakiwa wamefungiwa nje ya migodi kwa mgogoro wa mishahara, kwa hiyo usishangae ukimkuta mchimba makaa ameandikwa hana kazi. Jina la mgodi kwa kawaida lipo palepale. Usitegemee kupata rekodi za ajira za mgodi wenyewe: za kabla ya migodi kutaifishwa mwaka 1947 zimebaki chache. Sensa ya 1931 iliungua moto 1942. Daftari la wakazi la 29 Septemba 1939 linatoa tarehe kamili ya kuzaliwa ya kila mtu mzima, na kama babu yako alikuwa hai mwaka huo, tarehe hiyo ndiyo ya kulinganisha na ile ya mchezaji.

Sasa kuwakutanisha. Kanuni ninayoshikilia ni vidokezo vitatu visivyotegemeana, na angalau kimoja kiwe kimeandikwa mtu huyo angali hai. Jina halihesabiki. Kazi ya uchimbaji makaa katika Wales Kusini haihesabiki pia, kwa sababu karibu kila jirani alikuwa nayo. Vinavyohesabika ni kama hivi: gazeti linasema mchezaji amehamia klabu fulani ya Lancashire katika mwezi fulani, na mtoto wa babu yako anazaliwa katika mji huohuo ndani ya mwaka mmoja, gazeti linataja baba wa mchezaji kuwa mhunzi wa mgodi, na cheti cha ndoa kinamtaja baba mhunzi, tanzia ya babu yako inamwita mchezaji wa zamani wa kimataifa. Tovuti mbili zenye tarehe moja ya kuzaliwa ni kidokezo kimoja, maana moja imenakili nyingine. Na kumbuka kazi ya kuwaondoa wale wawili wengine. Wafuate nao hadi 1911: kama mmoja yuko Swansea na mkewe na mwingine amefariki, wako amebaki peke yake, na ushahidi huo wa kuwaondoa una nguvu sawa na ule wa kumthibitisha.

Tanzia itafute hata kama unajua alikufa lini kwa takriban tu. Fahirisi ya vifo inatoa umri tangu 1866. Pata robo ya mwaka, agiza cheti, kisha soma gazeti la mji kwa wiki mbili baada ya tarehe. Mahudhurio ya mazishi yaliorodheshwa kwa majina, na klabu ya zamani ikituma shada la maua, iliandikwa. Tafuta pia katika gazeti la mji wa Wales alikotoka, ambalo huenda lilichapa habari hiyo wiki moja baadaye.

Kuhusu huko "kaskazini", nieleze kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Mwezi Agosti 1895, mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama kikuu cha raga kwa sababu ya fidia ya mshahara aliopoteza mchezaji kwa kuacha kazi siku ya mechi. Zikaanza kwa kulipa shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 zikaruhusu malipo ya wazi, ila kwa sharti mchezaji awe na kazi halisi, sharti lililodumu hadi 1905. Kwa hiyo katika sensa ya 1901 mchezaji wa kulipwa hataandikwa kuwa mchezaji. Ataandikwa mpakiaji wa ghala, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, au mwenye baa. Mtafute kwa mahali alipozaliwa: weka Glamorgan, umri kati ya miaka 19 na 32, makazi katika mji wa klabu, na uache sehemu ya kazi wazi. Aliyehamia alifungiwa na chama cha Wales maisha yake yote, na kwa hiyo wengine walijaribiwa na klabu ya kaskazini kwa jina la uongo kwanza. Usishangae klabu kumpokea Novemba mtu ambaye Oktoba alikuwa na jina lingine. Nyaraka za chama cha kaskazini zimehifadhiwa Heritage Quay, katika Chuo Kikuu cha Huddersfield.

Ukishawafunga pamoja, cheti cha kuzaliwa cha babu mwenyewe ndicho kinachofuata. Usichukue umri wa uwanjani kama ulivyo. Dave Gallaher, nahodha wa New Zealand ya 1905, ni mfano mzuri. Alizaliwa Ramelton, Ireland, mwaka 1873, jina la familia likiwa Gallagher. Alipojiunga na vita vya Afrika Kusini alijipunguzia umri wa miaka mitatu hivi, na uongo huo ukamfuata hadi kaburini: alipouawa Ubelgiji Oktoba 1917 alikuwa na miaka 43, lakini jiwe la kaburi limeandikwa 41. Anayemtafuta kwa tahajia ya uwanjani na umri wa jiwe hampati. Majina yalibadilika hata kwa matajiri: nahodha wa Uingereza wa 1914, Ronald Poulton, alichukua jina la Palmer mwaka huohuo kwa ajili ya urithi wa mjomba wake. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huenda alisajiliwa kwa jina la mama, akakua kwa jina la baba wa kambo, na uwanjani akajulikana kwa hilo la pili.

Tafuta kwa upana wa miaka miwili kila upande. Kumbuka robo ya mwaka ni ya usajili, si ya kuzaliwa: wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa Desemba huweza kuonekana katika robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Wilaya ya usajili si mji. Watoto wa bonde la Rhondda katika miaka ya 1870 wako chini ya Pontypridd, na anayetafuta mji wa huko kama "Treherbert" katika fahirisi hapati kitu. Toa orodha ya wote wenye jina hilo, tia jina la mama la kila mmoja, kisha mchuje kila mmoja kwa sensa ya 1881 na 1891, ukiongozwa na jina la baba ulilolipata kwenye cheti cha ndoa. Wakibaki wawili, agiza picha zote mbili. Pauni 6 ni nafuu kuliko mwaka wa kufuata ukoo usio wenu.

Usidhani pia alizaliwa Wales. Frank Hancock, aliyekuwa nahodha wa Wales mwaka 1886, alizaliwa Somerset, na ndugu yake Froude akaichezea Uingereza. James Marsh aliichezea Scotland mwaka 1889 na Uingereza mwaka 1892. Wakati ule makazi na klabu yalitosha. Migodi na gati za Wales Kusini zilijaa watu wa Somerset, Devon, Gloucestershire na Ireland, na mtoto wao aliichezea Wales bila swali.

Kama bado una shaka kati ya wawili, kipimo cha vinasaba kinaweza kukata shauri. Wewe ni kitukuu wa mwenye kofia. Vitukuu wa mtu mmoja waliotokana na watoto wake tofauti karibu kila mara huonekana kuwa na damu moja katika kipimo, kwa hiyo kitukuu wa mchezaji kupitia mtoto mwingine akikubali kupima, jibu litakuwa wazi. Muombe kwa adabu, umweleze kabla kwamba matokeo yanaweza kufichua mambo ya ukoo ambayo hakuyatarajia.

Ukiandikia makumbusho, kama World Rugby Museum iliyoko Twickenham, au hifadhi ya nyaraka ya Glamorgan mjini Cardiff, andika ukurasa mmoja. Weka jina kamili, klabu, msimu, picha nne za kofia, yaani mbele, pembeni, ndani na alama kwa karibu, na swali moja tu: je, kofia ya msimu huu inafanana na nyingine mliyonayo? Swali la "mnajua nini kuhusu babu yangu" hukupatia nakala ya takwimu ambazo tayari unazo.

Wazazi wake wakionekana katika sensa kuwa wamezaliwa Ireland, njia inabadilika. Usajili wa serikali huko ulianza 1864 kwa kila mtu, na picha za madaftari ziko bure kwenye tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie, lakini sensa za karne ya 19 karibu zote zimepotea. Wazazi waliozaliwa kabla ya 1864 utawapata katika madaftari ya parokia tu, na sensa ya Wales mara nyingi itakuandikia "Ireland" bila zaidi. Jina la parokia litafute kwenye daftari la ndoa la kanisa Katoliki la mtaa wao wa Wales, kwa sababu padri wakati mwingine aliandika parokia walikotoka bwana na bibi harusi, jambo ambalo cheti cha serikali hakikuliuliza.